Chumvi Ikae Mezani: Tathmini ya Mgahawa wa Chumvi na Sukari Kidogo, Mtwara Mjini

Mgahawa ninaouandikia tathmini hii uko Mtwara Mjini, katika eneo lililo kati ya Ligula na Shangani, na wakazi wa hapo wanaujua kwa jambo moja: chakula chake hupikwa kwa chumvi kidogo kuliko ilivyo kawaida ya migahawa yetu, na chai yake huletwa bila sukari. Mwenye mgahawa ameniomba nisiutaje kwa jina kwa sasa, kwa sababu nafasi yake ni ndogo na wateja wa mchana tayari husubiri viti, nami nimeliheshimu ombi hilo. Hata hivyo nimeona ni vyema kuandika, kwa kuwa namna wanavyopika inaweza kufuatwa na mama lishe yeyote, na hata katika jiko la nyumbani, kuanzia Mikindani hadi Newala, bila kununua kitu kipya. Maoni yangu kwa ufupi ni haya: upande wa chumvi wamefanya kazi nzuri kuliko mgahawa mwingine wowote niliowahi kulia huku kusini, upande wa sukari bado kuna tatizo moja kubwa, nalo ni kuamini kwamba asali na juisi ya matunda havihesabiwi kuwa sukari.

Nianze na chumvi, maana ndiyo iliyonivuta. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi ambacho hakifiki kijiko cha chai kilichojaa, lakini makadirio ya shirika hilo hilo yanaonyesha kuwa wastani wa dunia ni karibu gramu 11, yaani zaidi ya mara mbili. Tatizo liko katika sodiamu, ambayo ni takriban asilimia 40 ya uzito wa chumvi. Sodiamu ikizidi mwilini huvuta maji na kuyashikilia, damu huongezeka ujazo ndani ya mishipa, moyo husukuma kwa nguvu zaidi, na miaka ikipita mishipa hukakamaa na figo huchoka. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2012 ulikuta kwamba takriban mtu mmoja kati ya wanne, miongoni mwa watu wazima wa miaka 25 hadi 64, alikuwa na shinikizo la juu la damu. Wengi wa watu hao hawajisikii vibaya hata kidogo, na ndiyo sababu wengine hugundua hali hiyo siku wanapoanguka kwa kiharusi. Mgahawa ulio karibu na hospitali ya mkoa, ambao wagonjwa wa presha hupita wakitoka kliniki wakiwa na njaa, una wajibu mzito kuliko unavyodhaniwa, na ni faraja kuona mtu ameutambua.

Kanuni ya jikoni hapo ni kwamba chumvi haitiwi mwanzoni. Mpishi mkuu, mama wa makamo mwenyeji wa Mikindani, hukaanga vitunguu taratibu mpaka vigeuke rangi, huongeza kitunguu saumu, tangawizi, binzari na nyanya nyingi zilizoiva, kisha huacha nyanya zipikike hadi zikauke na mafuta yajitenge. Baada ya hapo ndipo hutia ukwaju uliokamuliwa, pilipili nzima isiyopasuliwa, samaki, na mwishoni tui. Chumvi huingia sufuria ikiwa karibu kuepuliwa, na hupimwa kwa kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa kisu: kijiko kimoja kwa sufuria inayotoa sahani nane. Kwa hesabu hiyo kila sahani hubeba chini ya gramu moja ya chumvi iliyoongezwa, na kwa kuwa ugali na wali wa hapo hupikwa bila chumvi kabisa, mlo mzima huacha nafasi ya kutosha kwa milo mingine ya siku.

Nilimuuliza kwa nini asubiri mwisho, naye akanijibu kwa uzoefu wake: chumvi ikitiwa mapema hupotelea ndani ya samaki na ndani ya mchuzi, mtu huonja, haioni, anaongeza; mchuzi ukikauka kidogo, chumvi ile ile inakuwa nyingi. Maelezo hayo ni sahihi. Ulimi huhisi chumvi iliyo juu ya chakula na iliyoyeyuka katika mchuzi kwa wepesi kuliko iliyojificha katikati ya kipande, kwa hiyo kiasi kidogo kinachotiwa mwishoni hufanya kazi ya kiasi kikubwa kilichotiwa mwanzoni. Uchachu nao husaidia sana. Ukwaju, ndimu na embe mbichi huamsha ladha ya chumvi iliyopo hata ikiwa kidogo, na hapa pwani tunavyo vyote vitatu kwa bei ambayo hakuna asiyeimudu katika msimu wake. Alinionya pia kuhusu tui: likiwa zito mno hufunika ladha nyingine zote, na mpishi hujikuta akiongeza chumvi ili kulishinda. Yeye hutumia tui la pili kwa wingi na tui la kwanza kidogo tu, dakika za mwisho. Mchuzi wake wa changu, kwa namna hiyo, una harufu ya kiungo kabla haujafika mdomoni, uchachu unatangulia, ukali wa pilipili unafuata polepole, na mtu anaweza kumaliza nusu ya sahani kabla hajakumbuka kuuliza chumvi.

Kidau cha chumvi kipo juu ya kila meza, kidogo, chenye mfuniko, pamoja na vipande vya ndimu na bakuli la chachandu. Hili ndilo jambo ninalolisifu kuliko yote. Wapo wanaodhani kwamba mgahawa wa afya unapaswa kuwanyima wateja chumvi kabisa, na matokeo yake wateja hao hula siku moja na kutorudi. Hapa mteja haamriwi. Anaombwa tu aonje kwanza, akamue ndimu, aonje tena, ndipo aamue. Siku moja mzee mmoja aliyekuwa meza ya jirani alimwita binti anayehudumu na kumwambia kwamba chakula hakina ladha. Binti alimjibu kwa upole, "Babu, chumvi hiyo hapo mbele yako, lakini naomba ujaribu ndimu kwanza." Mzee akakamua ndimu, akala kimya, akanyunyiza chumvi kidogo kwa ncha ya vidole, akaendelea. Kile alichonyunyiza kilikuwa kidogo sana kikilinganishwa na kile ambacho angelishwa kwingine bila kuulizwa. Kwa wengi wetu mchana chumvi iliyo nyingi ni ile iliyokwisha kutiwa na mpishi, na mlaji hana njia ya kuitoa.

Ni vyema kusema pia kwamba ulimi hubadilika. Mtu anayepunguza chumvi hatua kwa hatua huona chakula kimepooza kwa muda, lakini baada ya wiki kadhaa kiwango kile kidogo humtosha, na chakula alichokuwa akikifurahia zamani humkera kwa ukali wa chumvi. Wateja wa kudumu wa hapo walinieleza jambo hilo hilo kila mmoja kwa maneno yake. Kwa mantiki hiyo nawashauri wanaokwenda kwa mara ya kwanza wasitoe uamuzi kwa sahani moja.

Pweza wa hapo anastahili aya yake. Hupigwa vizuri, huoshwa, kisha huwekwa katika sufuria bila maji na bila chumvi, akafunikwa, akachemka katika maji yake mwenyewe kwa moto mdogo hadi alainike. Kiumbe wa baharini kama pweza ana sodiamu yake ya asili, na maji anayotoa yana ladha ya kutosha, hivyo kumwongezea chumvi ni kurudia kazi iliyokwisha kufanyika. Akishalainika hukatwakatwa na kuunganishwa na vitunguu, pilipili hoho na ndimu, au hutiwa katika mchuzi wa nazi siku za Ijumaa. Sijapata kula pweza mwororo kuliko huyu, na sikuhisi pengo lolote.

Mbaazi za nazi ni nzuri, ingawa mara moja nilizikuta hazijaiva vya kutosha. Mikoa ya Lindi na Mtwara hulima mbaazi kwa wingi na bado wengi wetu huziona ni chakula cha pili kwa hadhi, jambo linalonisikitisha, kwa kuwa mbaazi, kunde na choroko zina potasiamu, ambayo husaidia mwili kutoa sodiamu kwa njia ya mkojo na kulegeza mishipa. Kisamvu hupikwa kwa korosho mbichi zilizotwangwa badala ya karanga, na utamu wa korosho hukifanya kisihitaji chumvi ya kushtua. Korosho yenyewe kwa asili yake ina sodiamu kidogo sana. Chumvi tunayoikuta katika korosho za kukaanga zinazouzwa barabarani na dukani ni ya kuongezwa. Mgahawa huu hukaanga korosho zake kavu, bila chumvi, na kuziuza kwa vipimo vidogo mlangoni. Anayetoka nje ya mkoa na kutaka zawadi ya kupeleka nyumbani kwa mzazi mwenye presha, hizi ndizo za kununua.

Katika msimu wake huwapo pia ming'oko, yaani viazi vya porini, ya kuchemsha, ambayo huletwa na chachandu. Sina la kuongeza juu yake isipokuwa kwamba chachandu hiyo hutengenezwa hapo hapo kwa nyanya, pilipili, embe mbichi na kitunguu, bila sosi ya chupa. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Tomato sosi ya chupa hubeba chumvi na sukari kwa pamoja, na kijiko kimoja cha chakula huwa na takriban gramu 4 za sukari, sawa na kijiko cha chai kilichosawazishwa; mtu anayemwaga sosi juu ya chipsi bila kupima anaweza kula sukari ya kikombe cha chai pasipo kujua kwamba ameila.

Vidonge vya mchuzi na viungo vya pakiti havitumiki kabisa jikoni humo, na mpishi alinionyesha rafu yake ili nijiridhishe. Ningependa kila anayepika afanye zoezi dogo la kusoma orodha iliyo nyuma ya pakiti hizo. Viungo huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kikitangulia, na katika vidonge vingi vya mchuzi neno la kwanza ni chumvi. Mtu anaweza kujisifu kwamba ametia chumvi nusu ya alivyozoea, ilhali ametia na vidonge viwili, na jumla yake ikawa kubwa kuliko mwanzo. Pilipili manga, bizari nyembamba, giligilani na kitunguu saumu kilichotwangwa hufanya kazi ile ile bila deni hilo.

Sasa nije kwenye kasoro ya upande wa chumvi, maana ipo. Siku za mwisho wa wiki mgahawa hupika ng'onda, na wateja wengi hufuata chakula hicho makusudi. Samaki wa chumvi ni urithi wa pwani yetu. Kabla ya barafu kufika vijijini, chumvi na jua ndivyo vilivyomwezesha samaki wa baharini kufika Masasi na Tandahimba akiwa salama, na simwombi mtu yeyote aache kumpika. Tatizo ni kwamba mteja haambiwi. Mpishi humloweka ng'onda usiku kucha na kubadilisha maji, jambo ambalo kweli huondoa sehemu ya chumvi, lakini samaki aliyebaki bado ana chumvi nyingi kupita kila kitu kingine kinachopikwa hapo. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba huu ni mgahawa wa chumvi kidogo anaweza kuagiza ng'onda kwa amani ya moyo, akala kipande kikubwa, akamaliza posho ya siku nzima kwa mlo mmoja. Ubao wa vyakula ulioko ukutani ungeandika tu kwamba chakula hicho kina chumvi nyingi, au kingepikwa kama kitoweo kidogo cha kuunga mboga badala ya kuwa kipande kizima mezani, kasoro hii ingekwisha. Nimelieleza jambo hili kwa mwenye mgahawa, naye amelipokea vizuri.

Kuna suala jingine linalohusu chumvi yenyewe. Mikoa yetu miwili ina mashamba ya chumvi kando ya bahari, na watu wengi huku wanaamini kwamba chumvi ya mawe inayotoka katika mabwawa yetu, kwa kuwa haikupita kiwandani, haidhuru kama ile ya pakiti. Sodiamu iliyomo ni karibu ile ile. Tofauti iliyo muhimu iko kwingine: chumvi isiyowekewa madini joto huiacha familia katika hatari ya upungufu wake, unaoleta rovu kwa watu wazima na kudumaza ubongo wa mtoto aliye tumboni. Anayepunguza chumvi ana sababu kubwa zaidi ya kuhakikisha kwamba ile kidogo anayoitumia ina madini hayo, aihifadhi katika chombo kikavu chenye mfuniko mbali na mvuke wa jiko, na aitie mwishoni mwa upishi, kwa sababu unyevu na joto huyapunguza. Nilifurahi kuona kwamba vidau vya mezani vina mifuniko na kwamba mgahawa hununua chumvi iliyofungwa na kuandikwa kuwa na madini joto.

Asubuhi ndipo suala la sukari linapoonekana, na mwanzo wake ni mzuri. Chai ya rangi huchemshwa kwa mchaichai, tangawizi na mdalasini, ile ya maziwa kwa iliki, na zote huletwa bila sukari pamoja na bakuli dogo na kijiko kidogo kweli kweli. Katika migahawa mingi chai huwa imekwisha kuungwa sukari kwenye birika, na mteja hana uamuzi. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba takriban gramu 4 za sukari. Anayetia vijiko vitatu katika kikombe na kunywa vikombe viwili amekula gramu 24 kabla hajagusa andazi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali, sharubati na juisi ya matunda, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu anayekula kilokalori 2,000 ni gramu 50, na likasema kuwa kushuka hadi asilimia 5, yaani gramu 25, kuna manufaa zaidi. Kwa hiyo vikombe viwili vya asubuhi vinaweza kukaribia kabisa kiwango hicho cha chini, na siku bado ni mbichi.

Vitumbua vya hapo ni ushahidi kwamba harufu huubeba utamu. Mchele hulowekwa, husagwa na nazi, huumuliwa vizuri, na hutiwa iliki nyingi iliyotwangwa siku hiyo hiyo. Sukari ni kidogo kiasi kwamba mtu anayevila na chai kavu huhisi utamu wa nazi yenyewe. Iliki na mdalasini havina sukari, lakini ulimi na pua vimezoea kuvikutanisha na vitu vitamu, na hivyo huufanya utamu mdogo uonekane mkubwa. Nilipenda pia uji wa mtama uliochachushwa kidogo, ambao huletwa na ndimu. Maandazi ni ya kawaida na ningeyaruka.

Tatizo liko kwenye friji ya vinywaji. Mgahawa hauuzi soda, na umeandika ukutani kwamba juisi zake hazina sukari. Kauli hiyo si sahihi, na naisema kwa heshima kwa sababu najua imeandikwa kwa nia njema. Juisi ya embe, ya mabungo na ya ukwaju zote huungwa kwa asali, na nilimwona mtengenezaji akitia vijiko viwili vya chakula katika kila glasi. Kijiko kimoja cha chakula cha asali kina takriban gramu 17 za sukari. Viwili vina gramu 34, karibu sawa na soda ya mililita 350, na hapo bado sukari ya tunda lenyewe haijahesabiwa. Mwongozo niliotaja huweka asali, sharubati na juisi ya matunda katika kundi moja na sukari nyeupe, kwa sababu mwilini hufanya kazi inayofanana. Asali ni tamu, ina harufu nzuri na historia ndefu katika tiba zetu za nyumbani, lakini mgonjwa wa kisukari anayekunywa glasi mbili za juisi hiyo akiamini hana la kuogopa anadanganywa na ubao, ingawa hakuna aliyekusudia kumdanganya.

Tofauti ya tunda zima na juisi inapaswa kuelezwa vizuri, maana hapo ndipo watu wengi hukwama. Embe zima lina sukari, lakini lina nyuzinyuzi, hutafunwa polepole, hushibisha, na ni wachache wanaoweza kula maembe matatu kwa mkao mmoja. Yakisagwa na kuchujwa, maembe matatu hugeuka glasi inayonywewa kwa dakika mbili, nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio, na sukari yote hufika kwenye damu kwa kasi. Mgahawa wenyewe una jawabu tayari na hauoni: kila mchana hutoa sahani ndogo ya matunda yaliyokatwa, papai, embe au chungwa, bila malipo ya ziada kwa anayekula mlo kamili. Wangeiweka sahani hiyo mahali pa juisi kwenye ubao, wakatoa maji baridi yaliyolowekwa ndimu na mchaichai, na juisi ya ukwaju isiyoungwa ambayo mteja ataiongezea mwenyewe akipenda, wangefuata katika vinywaji busara ile ile waliyoifuata katika chumvi. Madafu nayo yapo sokoni kila siku na sukari yake ni kidogo kuliko ya juisi hizo. Anayetumia dawa za figo au aliyeambiwa apunguze potasiamu aulize kwa daktari wake kwanza kabla ya kunywa madafu mengi.

Mteja mmoja aliuliza mbele yangu kwa nini wasitumie vidonge vitamu visivyo sukari. Mwenye mgahawa alisema hataki, na naunga mkono. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri vitu hivyo visitumike kama njia ya kudhibiti uzito, na kwa maoni yangu vina kasoro nyingine: vinauacha ulimi pale pale, ukidai utamu ule ule wa zamani. Kinachotakiwa ni kupunguza kiwango, kijiko kimoja baada ya kingine, mpaka chai ya kijiko kimoja iwe ndiyo chai.

Aliuliza pia kuhusu chumvi mbadala, ile ambayo sehemu ya sodiamu imebadilishwa kwa potasiamu. Jibu la hili ni refu kidogo. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika katika vijiji 600 vya China kwa watu karibu 21,000 waliowahi kupata kiharusi au wenye umri mkubwa na presha, ulionyesha kwamba waliotumia chumvi yenye robo ya potasiamu walipata kiharusi pungufu kwa asilimia 14 kuliko wenzao. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwongozo unaoipendekeza kwa matumizi ya nyumbani, lakini si kwa wajawazito, si kwa watoto, na si kwa wenye maradhi ya figo, ambao potasiamu ikiwazidi inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Mgahawa hauwezi kujua figo za kila anayeketi mezani. Kwa sababu hiyo uamuzi wao wa kubaki na chumvi ya kawaida, kidogo na mezani, ni wa busara kwa mahali kama hapo.

Huduma ni ya adabu na ya haraka kiasi, isipokuwa kati ya saa saba na saa nane mchana ambapo mtu anaweza kusubiri sana. Maji ya kunawa na sabuni yapo mlangoni, meza hufutwa, sakafu ni safi. Bei ni za kawaida kwa mji huu: mlo wa samaki na ugali au wali haukunigharimu zaidi ya shilingi 6,000, na mlo wa mbaazi au kisamvu ulikuwa karibu nusu yake. Nimefurahi kwamba chakula cha chumvi kidogo hakikuuzwa kwa bei ya juu kana kwamba ni dawa ya matajiri, kwa kuwa kitu kilichopunguzwa hakipaswi kuongeza gharama.

Kwa familia zenye mgonjwa aliyelazwa au mzee asiyeweza kutoka nyumbani, mgahawa hufunga chakula katika vyombo vya mteja mwenyewe, na ukitoa taarifa asubuhi hupikiwa mchuzi usiotiwa chumvi hata chembe, pamoja na kipande cha ndimu na chumvi iliyofungwa pembeni kwa karatasi kwa ajili ya wengine watakaokula chungu hicho. Huduma hiyo inatolewa Jumatatu hadi Jumamosi. Anayetaka pweza afike kabla ya saa sita na nusu, na anayeagiza kinywaji aseme wazi kwamba hataki asali. Watamtengenezea bila kusita, na nimeona kwamba juisi ya mabungo, iliyozimuliwa kwa maji baridi na kuachwa na ukali wake, inakwenda vizuri sana na changu wa kuchoma.